Mwongozo wa Kutafuta, Kutambua na Kutumiana Maonyesho ya Muziki na Nyimbo Zilizorudiwa Mtandaoni

Kila inapotumwa video ya onyesho zuri la taarab au la bendi ya dansi, maswali yanayofuata ni yale yale: umeipata wapi, anayeimba ni nani, wimbo huu si wa fulani, na mbona kwangu haifunguki. Mwongozo huu umeandikwa ili maswali hayo yajibiwe mahali pamoja. Unamhusu msomaji mwenye simu ya kawaida na bando la kupimapima, anayependa muziki ulioimbwa kwa Kiswahili, na anayetaka kuyafikia maonyesho ya jukwaani pamoja na nyimbo zilizorudiwa na wasanii wengine, ambazo wengi tumezoea kuziita kava.

Sehemu kubwa ya kazi si kutafuta bali kutambua. Video isiyo na jina la mwimbaji, la mtunzi wala la mahali hutazamwa mara moja, ikasifiwa kwa vikaragosi, kisha ikazama chini ya ujumbe mwingine, na mwezi ujao mtu atauliza upya. Kwa hiyo usishangae kuona kwamba hatua za kuhakiki ni ndefu kuliko hatua ya kutuma.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta yenye intaneti. Ukiwa na bando dogo, punguza ubora wa picha hadi 144p au 240p unapotafuta, kwa sababu wakati huo unatumia masikio zaidi ya macho.
- Spika za masikioni, hata za bei nafuu. Spika ya simu humeza besi, na mtu asiyesikia besi hawezi kulinganisha bendi mbili za dansi.
- Akaunti ya YouTube, ili uweze kuhifadhi orodha yako badala ya kutafuta kila kitu upya.
- Daftari, au ukurasa wa kuandikia ndani ya simu.
- Mtu mzima mmoja aliyekuwa akienda dansini au aliyekulia karibu na kikundi cha taarab. Mtu huyu atakuokolea muda kuliko programu yoyote, mradi umpelekee swali moja lililo wazi na si video kumi kwa pamoja.

Programu za kupakulia video hazihitajiki, na sababu yake itaelezwa katika hatua ya 6.

Hatua ya 1: Amua unachokitafuta

Je, unatafuta wimbo, msanii, au usiku fulani? Anayetafuta wimbo ataanza na maneno ya kiitikio, anayetafuta msanii ataanza na majina yake yote, na anayetafuta usiku fulani ataanza na mahali na mwaka, kwa mfano Ngome Kongwe ya Unguja, ambako tamasha la Sauti za Busara limekuwa likiwapandisha wasanii jukwaani tangu mwaka 2004. Andika jibu lako katika mstari mmoja kabla ya kufungua kisanduku cha kutafutia.

Hatua ya 2: Tafuta kwa majina yote, si kwa jina moja

Hapa ndipo wanaoanza hukwama. Bendi zetu zilibadilisha majina, vikundi vya taarab vina majina ya rasmi na ya mtaani, na watu wanaopandisha video huandika wanavyosikia. Bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Anayeandika Msondo peke yake hukosa rekodi nyingi za mwanzo, na anayeandika NUTA peke yake hukosa karibu video zote za jukwaani. DDC Mlimani Park hupatikana zaidi kwa jina la Sikinde. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, huandikwa Ikhwani Safaa, Akhwani Safaa, au Malindi tu kwa sababu ya mtaa wake, na ukitafuta Malindi bila kuongeza neno Zanzibar utaletewa mji wa pwani ya Kenya pamoja na hoteli zake.

Fanya hivi kwa utaratibu:

a) Andika jina la wimbo pamoja na jina la msanii, kisha uliondoe la msanii na kuliacha la wimbo.

b) Badilisha tahajia: taarab, tarab, taarabu. Kwa nyimbo za zamani jaribu zilipendwa, kama wasemavyo Watanzania, na zilizopendwa, kama wasemavyo Wakenya.

c) Weka mstari wa kiitikio ndani ya alama za kunukuu. Wapandishaji wengi hawajui jina la wimbo, hivyo huandika maneno wanayoyasikia.

d) Jaribu jina ambalo wimbo uliitwa ulipovuka mpaka. Jambo Bwana ya Them Mushrooms wa Kenya, iliyotoka mwaka 1982, ilirudiwa na kundi la Boney M mwaka uliofuata, na toleo lao hutafutika kwa urahisi zaidi ukiongeza maneno Hakuna Matata.

e) Kwenye YouTube, fungua vichujio na uchague video zinazozidi dakika 20. Chujio hili peke yake huondoa vipande vifupi na kukuachia maonyesho mazima.

Kumbuka pia kwamba waimbaji walihama. Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba NUTA, Mlimani Park na Orchestra Safari Sound, na baadaye akarejea Msondo. Sauti yake peke yake, kwa hiyo, haitoshi kukuambia ni bendi gani unayoisikiliza.

Hatua ya 3: Pata rekodi ya mwanzo

Huwezi kusema kava ni nzuri kama hujasikia kilichorudiwa. Ingia kwenye tovuti ya Discogs, ambayo ni hazina ya taarifa za santuri na kanda, uangalie picha za lebo: humo mara nyingi utapata jina la mtunzi, la bendi, na namba ya santuri. SecondHandSongs nayo huorodhesha nani alirudia wimbo wa nani, ingawa kwa muziki wa Afrika Mashariki ina mapengo mengi, na ukimya wake usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba wimbo haujawahi kurudiwa.

Onyo la kwanza linahusu urefu. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba kama dakika tatu kila upande. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, nyimbo zilipaswa kuingia ndani ya kipimo hicho, ilhali taarab inayopigwa mbele ya watu haina sababu ya kukatishwa mapema. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizirithi nyimbo nyingi za Siti na kuziimba jukwaani kwa miongo kadhaa. Ukimsikia akienda mbali kuliko santuri, usiharakishe kusema ameongeza beti zake mwenyewe, kwa sababu huenda santuri ndiyo iliyopunguza.

Onyo la pili ni la wapenzi wa dansi. Nyimbo nyingi zilizotolewa Kenya katika santuri ndogo za mizunguko 45 ziligawanywa mara mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa nyuma. Sina Makosa ya bendi ya Les Wanyika ni mfano unaojulikana. Mtu akipandisha upande wa kwanza peke yake, unabaki na maneno lakini unakosa sehemu ambayo magitaa yanajibizana na watu wanaingia uwanjani. Kila unapoona rekodi inayoishia kwa ghafla katika dakika ya tatu au ya nne, tafuta nusu yake nyingine kabla ya kuituma.

Hatua ya 4: Kusanya matoleo na uyapange kwa miaka

Tuchukue Malaika, kwa kuwa karibu kila msomaji anaufahamu. Rekodi iliyoutangaza Afrika Mashariki ni ya Fadhili William, naye ndiye anayeandikwa mara nyingi kuwa mtunzi, ingawa utunzi huo umegombaniwa kwa miaka mingi na jina la Adam Salim hutajwa pia. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika albamu yao ya An Evening with Belafonte/Makeba, ambamo umeandikwa My Angel. Mwaka 1981 ukatolewa na Boney M kutoka Ujerumani. Na mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu ya Logozo. Hayo ni matoleo manne, matatu kati yake yakiwa na mwaka unaojulikana, na yanatosha kuwa uti wa mgongo wa orodha yako. Mengine utayapachika katikati kadiri unavyoyapata.

Unapopanga, tenganisha vitu vinne ambavyo mara nyingi huchanganywa: kava, ambapo msanii mwingine anauimba wimbo upya, rekodi mpya ya msanii yule yule, rimiksi, ambapo sauti ya zamani imewekewa midundo mipya, na wimbo mpya uliochota kipande tu cha ule wa zamani. Rimiksi za zilipendwa zimejaa mtandaoni na nyingi, kwa maoni yangu, ni ngoma ya kompyuta iliyotupwa juu ya gitaa lililokuwa likijitosheleza. Zipo zinazopendeza, lakini usizitume kama onyesho.

Hatua ya 5: Sikiliza kwa kulinganisha na kuhakiki

Sikiliza rekodi ya mwanzo mara moja bila kusimamisha, kisha sikiliza kava, halafu rudi kwenye dakika moja tu iliyo sawa katika zote mbili, kwa mfano kiitikio cha pili. Uliza: mwendo umebadilika? Ala ipi imechukua nafasi ya ipi? Mwimbaji amebadilisha mahali pa kuvuta pumzi? Katika taarab angalia kama kanuni (ala ya nyuzi nyingi) au fidla inamjibu mwimbaji mwishoni mwa mstari, au kama kinanda cha umeme kimefanya kazi ya wote.

Onyesho la taarab lina jambo jingine la kutazama, nalo ni kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha. Katika video nyingi utaona mama mmoja akiinuka kwenye kiti chake, noti mkononi, akicheza taratibu hadi mbele ya mwimbaji, akiipeperusha kwanza ili aliyelengwa na ubeti aione, ndipo anaitoa. Mwimbaji mzoefu huurudia ubeti huo huo, safari hii akimtazama aliyemtunza. Hapo ndipo mahali pa kuwekea alama, kwa sababu marudio hayo hayamo katika rekodi yoyote ya studio.

Baada ya kufurahi, hakiki. Mambo yafuatayo ndiyo yanayowadanganya watu:

- Pleibeki, yaani kuigiza kuimba huku rekodi ikichezwa. Maonyesho mengi ya televisheni si ya kupigwa papo hapo. Sauti ikififia polepole hadi kuisha huku wanamuziki wakiendelea kucheza, ujue ni rekodi ya studio, kwa kuwa bendi iliyo jukwaani humaliza wimbo kwa kusimama. Gitaa la umeme lisilo na waya wala kifaa cha kurushia sauti ni dalili nyingine.
- Tarehe. Tarehe inayoonekana chini ya video ni ya kupandishwa, si ya onyesho. Tafuta bango la nyuma ya jukwaa, au maneno ya mshereheshaji.
- Picha na sauti zisizolingana. Wapo wanaochukua sauti ya santuri na kuipachika juu ya picha za bendi tofauti kabisa. Tazama mikono ya mpiga ngoma kwa sekunde kumi na utajua.
- Sauti za akili mnemba. Siku hizi marehemu huimbishwa nyimbo ambazo hawakuziimba. Shuku kila kava ya msanii aliyefariki ambayo haina jina la studio, la bendi wala la mwaka, na ambayo mwimbaji wake havuti pumzi.

Hatua ya 6: Chagua kiungo sahihi

Video moja inaweza kuwa imepandishwa na watu ishirini. Chagua ile ya msanii mwenyewe, ya kampuni iliyoitoa, ya tamasha, au ya kituo cha utangazaji kilichoirekodi. Ikikosekana, chagua ya mtu aliyeandika maelezo kamili. Kuipakua na kuituma upya kama faili kunamnyima mwenyewe watazamaji wake, na pia hukata maelezo yote yaliyokuwa chini ya video, ambayo ndiyo uliyoyatafuta kwa jasho.

Kisha elekeza mtu kwenye dakika yenyewe. Geuza muda kuwa sekunde: dakika 4 na sekunde 10 ni sekunde 250. Kiungo cha YouTube kikiwa hakina alama ya kuuliza, ongeza ?t=250 mwishoni; kikiwa nayo tayari, ongeza &t=250. Jaribu mwenyewe kabla ya kutuma.

Hatua ya 7: Andika maelezo, kisha tuma

Mistari minne inatosha: wimbo, nani anauimba na wapi, ulikuwa wa nani kabla yake, na dakika ya kusikiliza pamoja na sababu. Mfano:

*Malaika (kwenye albamu umeandikwa My Angel). Miriam Makeba na Harry Belafonte, Marekani, 1965. Ulitangulia kujulikana Afrika Mashariki kwa sauti ya Fadhili William. Linganisha kiitikio cha kwanza na cha Fadhili: huku wanaimba wawili.*

Usichokihakiki kiandike kwa neno labda, au ukiache. Tuma onyesho moja kwa wakati, na lile jingine lisubiri kesho. Katika makundi ya WhatsApp ya familia, taja urefu wa video, kwani mtu aliye kijijini na megabaiti chache ana haki ya kujua kwamba anaitiwa dakika tatu au arobaini.

Hatua ya 8: Ukirekodi au ukiimba mwenyewe

Kabla ya kurekodi onyesho, muulize kiongozi wa kikundi. Katika harusi kuwa na tahadhari zaidi. Shughuli za wanawake peke yao huko pwani, pamoja na ngoma za unyago, hazirekodiwi kwa kupeleka mtandaoni hata kama mwimbaji ni hodari kiasi gani na hata kama umealikwa, kwa sababu waliovua mabuibui na kucheza walifanya hivyo wakijua wako wao kwa wao. Ikiwa video ya namna hiyo imekufikia, isiishie tu kutosambazwa na wewe. Mwambie aliyekutumia aifute.

Ukiimba kava yako, mtaje mtunzi katika mstari wa kwanza wa maelezo. Kumtaja, hata hivyo, si kibali. Kwa matumizi ya biashara ulizia taasisi ya hakimiliki ya nchi yako: COSOTA ukiwa Tanzania, au KECOBO ukiwa Kenya. YouTube ina mfumo wa Content ID unaotambua muziki uliosajiliwa, na mwenye haki anaweza kuamua mapato ya matangazo yaende kwake au video izuiwe. Dai la namna hiyo si sawa na onyo la hakimiliki, ambalo ni zito zaidi: maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufungisha chaneli yako.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Kiungo kinafunguka kwangu, lakini ndugu yangu aliyeko Muscat au London hakimfungukii.* Huenda mwenye haki ameizuia video katika nchi hiyo. Tafuta onyesho jingine la msanii huyo huyo, kwa sababu kizuizi mara nyingi hufungwa kwenye rekodi mahususi.

*Video imefutwa.* Nakili kichwa chake kutoka kwenye maelezo uliyoyaandika, kiweke ndani ya alama za kunukuu, na utafute upya. Asiyekuwa na maelezo huanza hatua ya 1.

*Sauti inatoka upande mmoja.* Kanda nyingi za zamani zilihamishwa hivyo. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, na uwashe sauti ya mono.

*Mwimbaji anasikika kama mtoto, na bendi inakimbia.* Santuri au kanda ilihamishwa kwa kasi isiyo yake. Kupunguza kasi kwenye YouTube hakusaidii, kwa kuwa mfumo wake hubadilisha mwendo bila kushusha sauti. Tafuta nakala nyingine.

*Watu wanagombana kuhusu nani aliuimba kwanza.* Omba kila upande ulete picha ya lebo ya santuri au rekodi yenye mwaka. Wakiwa hawana, andika majina yote mawili katika maelezo yako na uendelee.

*Nimetuma na hakuna aliyefungua.* Angalia kama uliandika sababu ya kusikiliza. Ujumbe unaosema tazameni hii hupitwa, lakini ukisema kwamba katika dakika ya nne mpiga fidla anamwacha mwimbaji amalizie peke yake, mtu atafungua ili ahakikishe.